Hilux D4D linakata moto njia ya Amani, nimeambiwa ni sensa ya presha ya mafuta. Ninunue?

Mchungwa wa Muheza

Habarini wakubwa kwa wadogo.

Nina Hilux dabo kebini, injini ya 2KD, ile dizeli ya lita 2.5. Nabebea machungwa, msimu ukiisha nabeba chochote kinacholipa. Tatizo lilianza kidogo kidogo. Nikitoka Muheza kwenda Amani, kwenye ile njia ya vumbi na mawe, gari linashtuka ghafla kama mtu amezima swichi akawasha, taa ya injini inawaka, nguvu zinaisha. Nakanyaga mafuta, resi hazipandi. Mara nyingine linakata kabisa. Nikizima, nikatulia kidogo, nikawasha, linaondoka kama si lenyewe lililonitesa. Lakini kwenye lami, Muheza hadi Tanga mjini, linaweza kumaliza wiki bila kunisumbua.

Gereji wamechomeka mashine wakaniambia sensa ya presha ya mafuta imekufa. Filta ya dizeli nimeshabadilisha, wapi. Bei ya sensa mpya imenikalisha kitako. Kuna ya mtumba naipata kwa theluthi ya bei hiyo, ila muuzaji anasema ikishatoka dukani hairudi. Nichukue mpya, nichukue mtumba, au kuna cha kupima kwanza? Rafiki yangu anacho kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani ukasoma kwenye simu.

Dereva wa Segera

Mashine imesema sensa, wewe unauliza nini tena? Nunua mpya, funga, rudi barabarani. Mtumba usiuguse, utalia.

Jirani wa Kange

Mie nasema hiyo ni vali ya pampu, ile mafundi wanaiita SCV. Langu lilianza hivyohivyo, likawa linakata nikisimama kwenye taa. Kubadilisha vali, limepona. Hizi pampu za Denso ugonjwa wao ndio huo.

Bi Waya

Mchungwa, mwanangu, usinunue kitu bado. Nijibu kwanza: mashine iliandika namba gani? Herufi na tarakimu zake zote. "Sensa ya presha imekufa" hayo ni maneno ya fundi, mashine haisemi hivyo.

Mchungwa wa Muheza

Shikamoo Bi Waya. Waliniandikia nyuma ya risiti: P0193, na chini yake P0087.

Bi Waya

Marahaba. Sasa tunaelewana.

P0193 inasema jambo moja tu: umeme kwenye waya wa taarifa wa ile sensa umepanda kupita kiwango ambacho kompyuta ya gari inakubali. Basi. Waya wa ethi wa sensa ukikatika, utapata namba hiyohiyo. Waya wa taarifa ukigusana na ule unaoipa sensa volti 5, hiyohiyo. Kwenye magari mengi hata plagi ikichomoka tu, hiyohiyo. Na sensa yenyewe ikifa kweli, ndiyo, hiyohiyo pia. Ndugu yake P0192 ni kinyume chake, umeme umeshuka mno. Hapo natafuta waya wa taarifa uliogusa bodi, au zile volti 5 hazifiki. P0087 si ya umeme. Hapo kompyuta inalalamika kwamba presha ndani ya reli, lile bomba la chuma linalogawa mafuta kwenye nozo zinazopulizia injini, iko chini kuliko ile iliyoiagiza.

Haya, itazame risiti yako. Namba moja inasema umeme wa sensa uko juu mno, kana kwamba presha imepanda, ya pili inasema presha iko chini mno, kwenye reli moja. Aliyekupimia kaichukua ya kwanza kaiacha ya pili, na mie naona hizo mbili pamoja ndizo zinazoeleza kisa. Waya unakatika kwa nukta moja, kompyuta inadhani presha imeruka, inabana mafuta yanayoingia kwenye pampu, reli inapungukiwa kweli, gari linakufa. Waya ukirudi mahali pake, kila kitu kizima. Hiyo ni dhana yangu tu, nimekaa chini ya mkungu wangu hapa Ngamiani, Tanga mjini, na gari lako sijaliona. Ila kuna neno ulilolisema mwenyewe ambalo wenzako hapo juu wamelipita: mawe yanalisumbua, lami hailisumbui. Pampu iliyochoka haijui mawe, inajua kilima na mzigo. Ungeniambia linakata ukipanda Mombo kwenda Lushoto na tani moja mgongoni, kwenye lami nzuri, ningekwambia kafungue mambo ya mafuta. Linalokufa kwa kutikiswa, mie naanza na waya.

Sasa kipimo cha kwanza, na hakina gharama. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi kabla hujaliwasha, mwite rafiki yako na kidude chake, fungua swichi tu, injini isizunguke. Tafuta mahali panaposoma presha ya reli ya mafuta. Injini imelala, pampu haizunguki, presha imeshavuja yote: inatakiwa isome sifuri au karibu na hapo. Ikikusomea presha kubwa na gari limelala tangu jana, hiyo ni habari ya uongo, na mwongo ni sensa au waya zake, maana pampu haina ushahidi wa kutoa hapo. Vidude vingi vya simu vinasoma kwa kilopaskali, usishtuke ukiona tarakimu nyingi: 30,000 ni megapaskali 30, yaani bar 300.

Ikisoma vizuri, usiondoke. Swichi ikiwa bado wazi, mmoja atazame simu, mwingine ashike plagi ya sensa, iko mwisho wa ile reli ya chuma inayogawa mafuta kwenye nozo. Aitikise taratibu. Halafu ashuke na kamba ya nyaya, shibiri moja moja, akiikunja na kuiachia. Namba ikiruka kutoka sifuri hadi juu kabisa injini ikiwa imezima, mmeshampata mwizi, na mnajua yuko shibiri ya ngapi.

Halafu liwashe. Injini ikiwa silensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, na imepata joto, dizeli za namna hii huwa kwenye megapaskali 30 hivi, kumi chini kumi juu sitagombana nawe. Ukiongeza resi ipande kwa mfululizo, ukiachia ishuke kwa mfululizo. Presha ya kweli ina mwendo wake, hata ikianguka unaiona ikianguka. Ile inayotoka 30 ikawa 200 ikarudi 30 kabla hujapepesa, na injini haijabadilisha hata mlio, hiyo haijapita kwenye mafuta, imepita kwenye waya.

Dereva wa Segera

Bi Waya hayo yote ya nini, sensa si anaweza kufunga mpya akaona? Ikikataa ndiyo aanze kutikisa nyaya.

Bi Waya

Pesa zako bwana Segera, hapo nitakuunga mkono. Pesa za Mchungwa tumuachie Mchungwa. Na ile sensa haifunguliwi kama plagi ya cheche ya injini ya petroli. Imekaa kwenye chuma kinachobeba zaidi ya bar 1,000 gari likiwa kazini, wakati tairi lako halifiki hata bar 5. Uchafu ukiingia pale unapoifungua, unakwenda moja kwa moja kwenye nozo, na bei ya nozo unaijua.

Kwa hapohapo niseme na jambo jingine, maana najua wapo mafundi waliolelewa na dizeli za zamani, injini za 2L na 3L, na ni mafundi wazuri. Kule ukitaka kujua nozo gani haifanyi kazi unalegeza nati ya bomba injini ikizunguka, dizeli inatoka, unasikiliza mlio. Kwenye D4D usithubutu. Mafuta yakitoka kwa presha ile yanatoboa ngozi na kuingia ndani ya mkono, na tundu lake unaweza usilione. Ikimtokea mtu, hata kama hasikii maumivu, hapo si pa kupaka dawa ya kidonda, ni kwenda hospitali ya Bombo saa hiyohiyo na kuwaambia dizeli imeingia kwa presha.

Jirani wa Kange, neno lako nimelisikia na si neno baya. SCV za hizi pampu zinakwama kweli, hasa dizeli ikiwa na maji au imenunuliwa kwenye vidumu. Ila ugonjwa wake una sura yake: silensa inapanda na kushuka yenyewe, gari linakata ukiachia mafuta ukisimama, kama ulivyosema la kwako. Ukitazama presha inayotakiwa na presha iliyopo, hiyo ya pili inayumba ikiitafuta ya kwanza. P0087 unaipata, P0193 huipati kwa vali, kwa sababu vali haiwezi kupandisha umeme wa waya wa sensa.

Chumbageni IST

Shikamoo bibi. Nadandia hapohapo. IST yangu ya 1NZ asubuhi inachelewa kuwaka, fundi kaniambia hiyohiyo sensa ya presha ya mafuta. Nayo nipime hivyo?

Bi Waya

Marahaba. IST ya 1NZ-FE haina sensa hiyo. Sijui atakufungia wapi. Presha ya petroli kwenye gari lako inarekebishwa ndani ya tangi, kirekebishaji kimekaa pamoja na pampu, na kwenye reli hakuna sensa ya presha. Inapimwa kwa geji ya mkono: bar 3 na kidogo, haifiki tatu na nusu, na ukizima haitakiwi kuporomoka papo hapo. Ikiporomoka, asubuhi utazungusha starta mpaka pampu ijaze tena, na huenda ndiyo shida yako. Magari ya petroli ya Toyota yenye sensa hiyo ni yale ya D-4, yanayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama Noah na Voxy zenye 1AZ-FSE. Fungua mada yako mwenyewe tuongee, hapa tutamchanganya Mchungwa.

Mchungwa wa Muheza

Bi Waya, nimerudi. Nimefanya kama ulivyosema, asubuhi kabla ya swala ya Ijumaa gari halijaguswa. Swichi wazi, injini imezima: sifuri. Kutikisa plagi: sifuri. Kushuka na kamba ya nyaya, tulipofika pale inapopita kwenye kibanio cha chuma karibu na kichwa cha injini, namba imeruka juu kabisa ikarudi sifuri. Tumerudia, imeruka tena. Lakini nimefungua mkanda wote mweusi pale, nyaya tatu nzima kabisa, hazijachubuka wala hakuna panya aliyekula. Sasa nafanyaje?

Nusu nisahau: mwaka jana nozo zilifunguliwa zote. Kile kibanio kimefungwa kwa waya wa kuchomelea, bolti yake haipo.

Bi Waya

Hiyo bolti isiyokuwepo ndiyo shahidi wako. Aliyerudisha nozo aliivuta kamba ifike, akaifunga pale ikiwa imekaza, na tangu hapo kila jiwe la njia ya Amani linaukunja waya mahali palepale.

Ngozi ya plastiki haikwambii kitu. Shaba inakatika ndani, nje unauona mzima. Shika waya mmoja mmoja kwa vidole, vidole viwili huku na viwili huku, uvute taratibu. Waya mzima hauvutiki. Uliokatika ndani unanyooka kama mpira wa manati, maana unachovuta ni ngozi tupu. Nadhani utakuwa ule wa ethi au wa taarifa, lakini usiniamini, pima.

Tafuta mtu mwenye mita, si taa ya kupimia. Taa ya kupimia haigusi nyaya hizi kabisa, inavuta umeme mwingi na kompyuta ndiyo itakayolipa. Swichi izimwe, plagi ichomolewe, kisha swichi ifunguliwe. Kati ya ethi ya betri na waya mmoja utapata volti 5, ikiwa 4.9 ni sawa. Ukikuta zimeanguka sana, acha sensa, angalia sensa nyingine inayokula kwenye mstari huohuo, ichomoe uone kama zitarudi. Lakini kwako sidhani. Waya wa ethi uupime kutoka nguzo chanya ya betri: usome volti zilezile za betri. Hapo mwenzako aukunje kibanioni wewe ukitazama mita. Ikishuka wakati anaukunja, ni huo. Waya wa taarifa unaupima plagi ikiwa imerudishwa, ukichomeka kijisindano nyuma ya plagi bila kutoboa waya. Kwenye sensa za Denso nilizozizoea unasoma volti 1 hivi presha ikiwa sifuri, na moja na nusu hivi injini ikiwa silensa. Ikikaribia 5, umeshampata.

Usizipe nyaya hizo volti 12 kwa namna yoyote ile. Sisemi tena.

Jirani wa Kange

Bi Waya mie nasoma tu hapa, langu zima, ila nimetoka nikaenda kutikisa nyaya zangu.

Bi Waya

Umeziacha salama lakini?

Mchungwa wa Muheza

Ni ethi. Kijana mmoja hapa Muheza ana mita, tumeshika vile. Volti za betri zipo, akikunja zinaanguka, akiachia zinarudi. Na ukiuvuta unanyooka kweli, nimecheka peke yangu. Yeye anasema tukate pale pabovu, tusokote, tufunge tepu. Nakubali?

Bi Waya

Asisokote. Kusokota na tepu kutakupeleka mpaka masika, halafu utakuja kuniuliza tena. Dizeli na joto vinayeyusha gundi ya tepu, na kwetu huku hewa ya chumvi inaingia, shaba inaota kijani, unarudi kwenye P0193 ileile.

Kateni mpaka mfike kwenye shaba inayong'aa. Ikiwa nyeusi, endeleeni kukata. Ongezeni kipande cha waya wa unene uleule, kiwe na ulegevu, msirudishe mkazo uliouua wa kwanza. Kabla ya kuunga, visheni waya ile mirija ya plastiki inayosinyaa kwa moto (wengi wanaikumbuka wameshamaliza kuunga). Unganisheni kwa risasi ya kuyeyusha, kisha mirija juu yake. Nyaya zote tatu zimekunjwa mahali pamoja, na hizo mbili nyingine msiziamini kwa sababu leo zinasoma vizuri. Mie ningezikata zote tatu hapohapo, na maungio nisiyapange sambamba, kila moja liwe na mahali pake.

Kibanio kipate bolti na raba. Huo waya wa kuchomelea utupwe mbali.

Na ile raba ndogo ndani ya plagi iangalieni kama ipo. Magari mengi nikiyafungua haipo, na mwenye gari anapeleka injini kupigwa maji ya presha kila Jumamosi.

Mkimaliza, futeni namba zote mbili. Kisha litembezeni na mzigo, na rafiki awe na simu. Ikitokea P0087 imerudi peke yake bila P0193, basi hiyo ni hadithi nyingine, tutarudi kwa Jirani na vali yake, na tutapima nozo zinarudisha mafuta kiasi gani.

Dereva wa Segera

Haya Bi Waya, nimekaa kimya. Lakini sensa nazo huwa zinakufa.

Bi Waya

Zinakufa, nani kakataa. Ikiwa volti 5 zipo, ethi nzima, plagi safi, na bado gari lililolala linakusomea presha kubwa, hapo nunua na mie nitakusindikiza dukani. Mpya.

Mchungwa wa Muheza

Tumekata zote tatu. Za pembeni mbili nazo moja ilikuwa na nyuzi chache tu zimebaki, Bi Waya Mungu akuweke. Jana nimepanda Amani na mzigo kamili, rafiki kashika simu: presha imepanda na kushuka na mguu wangu, hakuna kuruka, taa haijawaka. Njia ile ina mawe yake yote bado.

Raba ya plagi haikuwepo. Nimezunguka maduka ya spea Muheza hawana, wanataka kuniuzia kamba nzima ya nyaya. Tanga mjini naipata wapi?

Bi Waya

Usinunue kamba. Nenda kwa wanaopasua magari mabovu, omba plagi ya nyaya tatu ya aina hiyo na vipande vya waya wake shibiri moja, wanakukatia. Raba utaitoa humo. Chukua sensa yako kwa picha, si kwa kuifungua, maana plagi zinafanana na hazilingani. Ukikosa, njoo Barabara ya 12 uulize Bi Waya, watoto watakuleta. Na machungwa usije mikono mitupu.